Tepe Nne na Bega Lisilo na Nyota: Kuzisoma Sare za Maafisa wa Wanamaji wa Kaisari

Swali limetoka kwa msomaji wa Kilwa Masoko, aliyeachiwa na marehemu babu yake picha mbili za wakati wa Mjerumani. Katika picha ya kwanza yumo Mzungu mmoja, koti lake la rangi nzito lina vifungo safu mbili, na mkononi kuna tepe nne zinazozunguka mkono mzima, juu yake taji dogo. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli: "kapteni wa manowari na bomba tatu". Katika picha ya pili wamesimama Wazungu watatu barazani, wote wamevaa nyeupe. Mikono yao haina tepe hata moja, ila mabegani wana vipande: mmoja ana nyota moja, mwingine nyota mbili, na yule wa katikati, ambaye kwa sura ndiye mtu mzima kuliko wenzake, hana nyota yoyote. Msomaji anauliza kama yule wa tepe nne alikuwa kapteni kamili wa meli, kama wale watatu walikuwa watu wa bahari au wa jeshi la nchi kavu, na kama asiye na nyota ndiye aliyekuwa mdogo wao.

Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Asiye na nyota huenda ndiye mkubwa wao wote.

Katika jeshi la wanamaji la Dola ya Ujerumani, lile lililoishi tangu 1871 hadi ufalme ulipoanguka Novemba 1918, nyota za mabegani hazikuhesabiwa kutoka chini hadi juu kwa mfululizo mmoja. Zilihesabiwa ndani ya daraja, na daraja lenyewe lilionekana katika namna kipande cha begani kilivyofumwa. Maafisa wa chini walivaa kipande bapa, nyuzi za fedha zilizolazwa sambamba kama utepe, zikiwa na alama nyeusi na nyekundu ndani yake ili zitimie rangi tatu za dola: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hapo Leutnant zur See hakuwa na nyota, Oberleutnant zur See alikuwa na moja, na Kapitänleutnant mbili. Mtu akipandishwa kuingia daraja la kati, nyota zote zilivuliwa, akapewa kipande kingine kabisa ambacho nyuzi zake zimesukwa, zikapandana na kupishana kama ukili wa mkeka. Korvettenkapitän alianza tena bila nyota, Fregattenkapitän akawa na moja, na Kapitän zur See mbili. Juu yao walikuwapo maadmirali, ambao msuko wao ulichanganya dhahabu na fedha, nao wakaanza upya vilevile: Konteradmiral hana nyota, Vizeadmiral ana moja, Admiral ana mbili.

Kwa hiyo usihesabu nyota kabla hujautazama msuko. Chukua kioo cha kukuzia, uyatazame mabega ya yule wa katikati. Ukiona uso bapa, basi ni kijana wa cheo cha mwanzo, ingawa umri unaousema haukubaliani na jambo hilo. Ukiona uso wenye mawimbi, kingo zikiwa zimepinda ndani na nje mithili ya ukili, basi huyo ni Korvettenkapitän, na wenzake wawili, kama mabega yao ni bapa, wako chini yake. Koloni hili lilikuwa naye afisa wa cheo hicho hasa: Korvettenkapitän Gustav Zimmer wa meli ya upimaji Möwe, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha Dar es Salaam mwezi Agosti 1914, kisha mabaharia wake wakapanda treni hadi Kigoma kwenda kupigana katika Ziwa Tanganyika. Sisemi kwamba mtu wako ndiye Zimmer. Ninasema kwamba bega tupu halikumzuia mtu kuwa mkuu wa ziwa zima.

Sasa nije kwa yule wa tepe nne. Mkononi hesabu ni nyepesi kidogo: tepe moja ya dhahabu ni Leutnant, mbili ni Oberleutnant, tatu ni Korvettenkapitän. Ugumu unakuja kwenye nne, kwa kuwa nne zilivaliwa na Fregattenkapitän na zilivaliwa pia na Kapitän zur See. Mikono yao ilifanana kabisa; aliyetaka kuwatofautisha ilimpasa apandishe macho hadi begani, aone kama ni nyota moja au mbili. Bahati mbaya koti la buluu la kila siku halikuvaliwa na vipande vya mabegani, kwa hiyo picha ya koti hilo peke yake haimalizi shauri. Maadmirali ndio ambao hawakuweza kuchanganywa na mtu, kwani wao walivaa kwanza tepe moja pana sana, kisha juu yake tepe za kawaida kulingana na cheo: moja kwa Konteradmiral, mbili kwa Vizeadmiral, tatu kwa Admiral, na nne kwa Großadmiral, cheo walichokipata watu wachache mno, akiwamo Alfred von Tirpitz mwaka 1911.

Maandishi ya penseli yanasaidia zaidi kuliko mkono wenyewe. "Manowari na bomba tatu" ndilo jina ambalo watu wa pwani waliipa meli Königsberg, kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi, ilipofika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Neno manowari lenyewe tulilichukua kwa mabaharia wa Kiingereza, tukaliviringisha mpaka likakaa vizuri mdomoni, na wala halikujali kwamba meli hii ilikuwa ya Mjerumani. Mkuu wa Königsberg alikuwa Max Looff, na cheo chake wakati huo kilikuwa Fregattenkapitän. Tepe nne basi zinamstahili. Lakini kwa cheo hakuwa "kapteni kamili" kwa maana unayoiuliza, kwa kuwa juu yake kilikuwapo bado cheo cha Kapitän zur See. Alikuwa kapteni kwa maana nyingine, ya kwamba meli ilikuwa mikononi mwake na amri ya mwisho ilikuwa yake.

Jambo hili la maneno linafaa kukaziwa, maana limewapoteza hata waandishi wazoefu. Majina ya vyeo vya bahari vya Kijerumani yamejaa neno Kapitän, na ukiyafasiri yote kwa neno "kapteni" utapata vurugu. Aliyelingana na kapteni wa nchi kavu, mwenye kuongoza kombania, alikuwa Kapitänleutnant. Korvettenkapitän alilingana na meja, Fregattenkapitän na luteni kanali, Kapitän zur See na kanali. Looff na Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya nchi kavu, vita vilipoanza walikuwa wa daraja moja, kwani Lettow-Vorbeck naye alikuwa Oberstleutnant, yaani luteni kanali. Maadamu mmoja alikuwa majini na mwenzake bara, hilo halikuwa na uzito. Lilianza kuwa na uzito baada ya tarehe 11 Julai 1915, Königsberg ilipomalizwa ndani ya delta ya Rufiji na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, kisha mizinga yake kumi ikaopolewa, ikafungwa magurudumu na kukokotwa bara, na watu wake wakawa askari wa miguu. Mmoja wa mizinga hiyo unaweza kuuona leo Mombasa, katika ngome ya Fort Jesus.

Kuhusu taji lililo juu ya tepe, hilo ni hati ya tarehe. Afisa wa bahari wa Kaisari alilishona taji la dola juu ya tepe zake. Ufalme ulipoondoka, taji nalo likaondoka, na mahali pake ikawekwa nyota, ambayo wanamaji wa Ujerumani wanaivaa mpaka hii leo. Picha yenye taji haiwezi kuwa ya mtu aliyepandishwa cheo katika miaka ya 1920. Ikiwa mahali pa taji unaona kitanzi, yaani tepe ya juu kabisa imejikunja kama kamba ya ngalawa iliyofanywa pete, basi huyo hakuwa Mjerumani kamwe. Ni Mwingereza, na pengine ni wa Pegasus, iliyopigwa na Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, au wa meli zilizokuja baadaye kuuziba mdomo wa Rufiji. Nimeona picha zaidi ya moja zimebandikwa maelezo ya "maafisa wa Kijerumani", na hali kitanzi kinaonekana wazi kwa macho makavu.

Kitanzi cha Waingereza kina hadithi ambayo inafaa kuisikia, maana inaonyesha kwamba alama hizi hazikuwekwa kwa ajili ya cheo peke yake. Kililetwa mwaka 1856 na kikawekwa kwa wale tu waliokuwa na haki ya kuamrisha meli. Mhandisi wa mitambo, daktari na mtunza fedha waliweza kuwa na tepe nyingi kama za afisa wa sitaha, lakini tepe zao zilikuwa zimenyooka, hazina kitanzi, na tangu 1863 katikati ya tepe hizo kiliwekwa kitambaa cha rangi: zambarau kwa wahandisi, nyekundu kwa madaktari, nyeupe kwa watunza fedha. Wahandisi walisubiri hadi 1915 ndipo wakapewa kitanzi, na wengine hadi 1918. Miaka sitini, kwa kipande cha uzi kisichozidi upana wa sarafu! Kwa Wajerumani ugomvi ulikuwa uleule, na kwa maoni yangu ulikuwa mchungu zaidi. Maafisa wa bahari wa Kaisari walijiona kuwa ndugu wa makabaila wa jeshi la nchi kavu, na mtu aliyeshinda kwenye joto la tanuri akipakaa mikono mafuta hawakutaka aonekane sawa nao, ingawa bila yeye meli isingetoka hata mita moja gatini. Wahandisi walidai kwa miaka mingi alama za heshima zilizokuwa za wenzao, wakazipata kidogokidogo. Begani utawatambua kwa gurudumu la meno. Daktari utamtambua kwa fimbo iliyozungukwa na nyoka. Watumishi wa ofisi, waliohesabiwa nje ya maafisa hasa, vifungo na nyuzi zao zilikuwa za fedha na si za dhahabu. Hata kwa mabaharia wa kawaida tofauti hiyo iliteremka: utepe wa kofia uliandikwa jina la meli kwa herufi za dhahabu au za fedha, kutegemea mtu alikuwa wa kikosi kipi. Herufi tatu za S.M.S. utakazozikuta mwanzoni mwa utepe huo maana yake ni "meli ya Mtukufu Mfalme".

Mfalme mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa sare. Wilhelm wa Pili alipopewa na bibi yake, Malkia Victoria, cheo cha heshima cha admirali wa Uingereza mwaka 1889, alifurahi kupita kiasi kwa kuwa sasa angevaa nguo ya aina aliyovaa Nelson, admirali mashuhuri wa Waingereza. Mtu wa namna hiyo akiwa juu, si ajabu kwamba kila kifungo kilikuwa na amri yake.

Swali lako la pili, kama wale wa nyeupe ni watu wa bahari au wa Schutztruppe, yaani jeshi la nchi kavu la koloni, ndilo gumu kuliko yote. Sare nyeupe ya nchi za joto ilikuwa na kola ya kusimama, ikafungwa vifungo kifuani kwa mstari mmoja, na haikushonwa tepe mikononi. Cheo kilikaa begani tu, kwenye vipande vinavyovuliwa nguo inapokwenda kwa dobi. Ndiyo sababu mikono yao ni mitupu. Schutztruppe nao walikuwa na sare nyeupe, na vipande vyao vya mabegani vilishabihiana sana na vya wanamaji. Sababu yake ni ya kisiasa. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani lilikuwa mkusanyiko wa majeshi ya falme, ya Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg, na kila ufalme ulikuwa na rangi zake na kibandiko chake kwenye kofia. Wanamaji na Schutztruppe hawakuwa wa ufalme wowote. Walikuwa wa dola moja kwa moja, kwa hiyo wote wawili walivaa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zaidi ya hayo, kikosi cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1891 kiliwekwa chini ya ofisi ya bahari kule Berlin, na hakikuondolewa huko mpaka 1896.

Dalili ya kuaminika ni kifungo. Kifungo cha afisa wa bahari kilikuwa cha rangi ya dhahabu na kilichongwa nanga, juu yake taji. Kifungo cha Schutztruppe kilikuwa cha rangi ya fedha, chenye taji peke yake. Usijaribu kuamua kwa rangi, kwa sababu picha za zamani zinadanganya: bamba za kioo zilizotumiwa na wapiga picha wengi wa wakati huo hazikuiona sawasawa nyekundu wala njano, zikazitoa nyeusi, na buluu zikaitoa hafifu, karibu na nyeupe. Dhahabu inaweza kuonekana kama kutu, na mshono wa buluu ya mbinguni kwenye nguo nyeupe ya Schutztruppe ukapotea kabisa. Tafuta umbo. Nanga, hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama, huacha doa refu katikati ya kifungo. Taji peke yake huacha doa pana.

Ikiwa mmoja wao ameshika kofia au ameivaa, itazame mbele. Afisa wa bahari alikuwa na kishada cha majani ya mwaloni kilichozunguka duara la rangi tatu, na juu yake taji. Ikiwa ana upanga kiunoni, mpini wake utamaliza maneno: upanga wa afisa wa wanamaji wa Ujerumani ulikuwa na kichwa cha simba, na simba huyo alitiwa macho ya vioo, moja jekundu na moja la kijani, kwa kufuata taa za meli, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia. Katika picha isiyo na rangi jicho jekundu hutoka jeusi zaidi. Ni jambo dogo, lakini huwa nalitafuta kwanza kila ninapoletewa picha ya namna hii, na mara moja moja hulipata.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni mahali picha ya kwanza ilipopigwa. Koti la buluu la sufu halikuwa nguo ya Dar es Salaam, sembuse ya mikoko ya Rufiji. Mtu aliyelivaa kwa ajili ya picha mara nyingi alikuwa Kiel au Wilhelmshaven, bandari za wanamaji kule Ujerumani, mbele ya pazia la studio, kabla hajaanza safari. Wakati wa vita picha za makamanda wa meli zilichapishwa kwa wingi kama kadi za posta, zikauzwa madukani Ujerumani na kusambaa mbali. Geuza picha yako: ikiwa nyuma imegawanywa na mstari, na kona ya juu pana mahali pa stempu, basi babu yako alikuachia kadi, na aliyeandika kwa penseli aliongeza tu kile alichoambiwa. Kama ni karatasi ya picha ya kawaida, tafuta muhuri wa mpiga picha. Kwa ile ya barazani, muhuri wa Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam na akapiga picha nyingi za vita hivyo, ungekuwa jambo la thamani, kwani mkusanyiko wake umehifadhiwa katika kumbukumbu za taifa za Ujerumani na picha inaweza kulinganishwa.

Ukikuta neno la cheo limeandikwa kwa mkono wa Kijerumani, zingatia mwaka. Tangu tarehe 1 Januari 1899 majina ya vyeo vya chini yalibadilishwa: aliyekuwa Unterleutnant zur See akaitwa Leutnant, na aliyekuwa Leutnant akaitwa Oberleutnant. Kwa hiyo "Leutnant" wa 1888, wakati meli za Wajerumani zilipoizingira pwani hii kupambana na Abushiri, ni mkubwa kwa ngazi moja kuliko "Leutnant" wa 1914. Watu wako watatu, kwa kuwa wako barazani bila haraka, wanaweza kuwa wa kipindi chochote kati ya hivyo viwili.

Na usiiamini sare kupita kiasi vita vikishaanza. Mabaharia wa Königsberg waliokwenda bara walivaa kilichopatikana, wengine wakapigana hivyo hadi waliobaki waliposalimu amri Novemba 1917. Upande wa pili, katika Ziwa Tanganyika, kamanda wa Kiingereza Geoffrey Spicer-Simson alizoea kuvaa sketi ya khaki mbele ya maafisa wake na ya wanakijiji waliokuja kumshangaa. Mtu angeipata picha yake leo bila maelezo, asingejua aiweke kabati gani.

Niletee nakala ya picha ya pili, ukuze mabega ya yule wa katikati na kifungo cha pili kutoka juu, kwani cha kwanza mara nyingi hufunikwa na kivuli cha kidevu. Ya kwanza niletee upande wa nyuma tu.